Maji Juu ya Mabawa

Baba yangu, Ambrose Mwaisumo, alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili alipopigilia misumari mbao zilizobeba zege la Mabawa. Alikuwa na sabini na mmoja siku alipogundua kwamba maji yamesimama juu ya paa lile na hayana pa kutokea.

Mabawa si jina lake la kwenye karatasi. Kwenye karatasi ni Jumba la Mikutano la Muungano wa Wakulima, lililojengwa hapa Ipyana mwaka 1975, wakati chama cha wakulima wa mpunga kilikuwa na nguvu na viongozi wake waliamini wageni wa dunia nzima watakuja kufanya mikutano kando ya ziwa letu. Watu walilibatiza Mabawa kwa sababu ya paa. Ni mabapa mawili ya zege, yameinuka kushoto na kulia kutoka kwenye mfereji mmoja wa katikati, kama ndege aliyetua na bado hajakunja mbawa. Chini ya mfereji kuna nguzo nne nene. Kuta zake ni matofali ya matundu toka juu mpaka chini, ili upepo upite na watu mia nane waketi ndani mchana wa Desemba bila kujipepea. Sakafu imeinuliwa kimo cha mtu kutoka ardhini, maana aliyelichora alielezwa habari za mafuriko ya Kyela, na tofauti na wengi waliokuja baadaye, alisikiliza.

Mimi nilizaliwa jengo likiwa tayari. Nililijua kwa mdomo wa baba. Alinipeleka pale nikiwa mdogo, akanishikisha nguzo na kunionyesha mistari ya mbao iliyobaki kwenye zege, mafundo na nyuzi za msindano wa Rungwe, kana kwamba nguzo yenyewe ni mti. Ubao huu niliupigilia mimi, alisema. Huu aliupigilia Asajile, Mungu amrehemu. Wajumbe walikuja kutoka Songea na kutoka ng'ambo ya mto Songwe, wakatafsiriana, wakala wali wetu. Kisha chama kikafa. Ukumbi ukawa wa harusi na mikutano ya injili. Umeme ulipokatwa ukawa wa popo na nyuki, na ni miaka kumi na minne sasa haujafanyika mkutano wowote mle ndani. Mali za chama ziko mikononi mwa mfilisi, mtu aliyewekwa kuziuza ili madeni yalipwe, mwenye ofisi Mbeya, na hapa Ipyana alibaki mtu mmoja tu wa kulinda, Said.

Said alikuwa na miaka hamsini na kitu. Babu yake alitoka Kilwa akaja kufungua duka Kyela, na familia yao bado ina maduka mjini, lakini Said hakuwa mtu wa duka. Alipenda ukimya. Alifagia ukumbi kila Ijumaa asubuhi, ukumbi usiokuwa na mtu, kabla ya kwenda msikitini.

Desemba ya mwaka 2024, baada ya mvua ya siku mbili, baba alikuwa anarudi kutoka shambani kwetu Bujonde akapita pale. Alisimama muda mrefu akitazama miguu ya nguzo. Kila nguzo ina bomba ndani yake. Maji ya paa hukusanyika kwenye mfereji wa katikati, yakashuka ndani ya nguzo na kutokea chini kwenye tundu, yakaingia mtaroni. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, na matundu manne yote yalikuwa makavu.

"Said," baba aliuliza, "maji ya paa yanatokea wapi siku hizi?"

"Hayatokei, fundi. Mwaka wa tatu huu."

"Sasa yako wapi?"

Said alinyanyua macho. "Yako huko huko."

Baba aliporudi nyumbani hakula. Alichukua kipande cha mkaa akanichorea sakafuni jikoni. Mfereji wa juu, alisema, una kizingiti katikati, unagawanya maji nusu kwa nusu. Nusu ya kaskazini inatumia nguzo mbili, nusu ya kusini nyingine mbili. Vinywa vya mabomba vimeziba, labda kwa majani ya migomba yanayopeperushwa na upepo, labda kwa viota. Paa lile linaweza kujibeba lenyewe miaka mia mbili. Haliwezi kubeba bwawa.

"Dawa yake nini?" nilimuuliza.

"Mtu mmoja, ngazi, na nondo ndefu. Nusu siku."

Alinitazama kama mtu anayeomba radhi kwa wepesi wa jambo lenyewe.

Said hakuwa na ruhusa ya kumpandisha mtu. Wakatunga barua kwa mfilisi, mimi ndiye niliyeiandika kwa mwandiko wangu, Said akaituma. Tukasubiri jibu Desemba yote na Januari yote.

Badala ya jibu walikuja watu. Kwanza ilikuja gari yenye wanaume watatu, wakapima uwanja kwa futi ya kamba, wakachora X nyekundu kwenye nguzo ya kwanza na ya nne. Walisema jengo limechakaa na kiwanja kinatakiwa kwa soko la kakao. Hawakusema kinatakiwa na nani. Said aliwauliza barua iko wapi, wakamwambia barua inafuata.

Wiki mbili baadaye akaja Nancy. Huyu alikuwa msanifu majengo kutoka Dar es Salaam, mwalimu wa chuo, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye viatu vya shambani. Alikuwa anazunguka nchi nzima akiandika habari za majengo ya miaka ile. Alipofika mbele ya Mabawa alikaa kwenye ngazi akavua miwani, akafuta macho kwa kanga aliyojifunga shingoni. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea baba uji.

"Shikamoo baba," alimwambia. "Nimeambiwa wewe ulikuwa fundi hapa."

"Marahaba, mwanangu. Mbao tu. Zege walimwaga wengine."

"Hakuna zege bila mbao."

Baba alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mama alipofariki.

Walizunguka pamoja siku nne. Alimwonyesha kila kitu, mpaka pale ambapo ubao ulipinda mwaka 1975 na zege likatoka na tumbo, akajitetea kwamba haukuwa ubao wake. Nancy aliandika, akapima, akapiga picha. Aliporudi Dar alihangaika ofisi moja hadi nyingine, na mwezi wa pili ukaja ujumbe ambao tuliupokea kama mvua baada ya kiangazi. Kulikuwa na zuio. Mabawa haliwezi kubomolewa mpaka kamati ya tathmini ije iamue kama ni jengo la kumbukumbu.

Nancy alikuja mwenyewe kulisoma zuio lile mbele ya watu. Tulijaa kwenye ngazi na uwanjani, kutoka Ipyana, Bujonde, hata Ngonga. Kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alitaka chuo cha ufundi, mwingine hospitali, wanawake wa kwaya yetu tulitaka turudishiwe mahali pa tamasha. Mchungaji aliomba. Baba alinyoosha mkono mwishoni kabisa.

"Mimi nina swali dogo. Kamati inakuja lini?"

"Hawajapanga tarehe, baba. Wanasema mwaka huu."

"Basi kabla haijaja, tunaomba kuzibua mabomba. Mvua za Machi haziko mbali."

Nancy alikunja ile karatasi, akaikunjua tena. Akaisoma kimya, midomo ikicheza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ingawa watu wa mbele tulisikia, "Imeandikwa hapa kwamba mtu yeyote asiguse, asiondoe, wala asirekebishe sehemu yoyote ya jengo mpaka tathmini ikamilike."

"Kuzibua si kurekebisha."

"Najua, baba. Mimi najua. Nitawaandikia leo."

Aliandika. Alimpigia baba kila wiki kumweleza wapi barua imefika. Siku moja iko kwa katibu, siku nyingine imerudishwa kwa sababu haikupitia kwa mmiliki. Mmiliki ni mfilisi. Mfilisi alikuwa ameenda mahakamani kupinga zuio, kwa hiyo hakuweza kuruhusu kazi kwenye jengo analoomba libomolewe. Nancy aliyaeleza hayo yote taratibu, na mwisho wa kila simu alisema, "Samahani, baba," na baba alijibu, "Ndaga, mwanangu," asante kwa Kinyakyusa, kana kwamba amepewa kitu.

Machi mvua zilianza kama zinavyoanza kwetu, si kwa matone bali kwa ndoo. Ndani ya ukumbi, chini ya mfereji, likatokea doa jeusi. Said alilizungushia chaki. Kesho yake doa lilikuwa limevuka chaki.

Baba alivaa koti lake la ibada, akapanda basi kwenda Mbeya. Nilifuatana naye. Ofisi ya mfilisi iko ghorofa ya pili, na aliyetupokea alikuwa Dickson, msaidizi wake, kijana mstaarabu aliyetupa viti na kutuulizia maji ya kunywa. Alimsikiliza baba mpaka mwisho bila kumkatiza. Hata alichukua karatasi akamwomba baba amchoree.

"Nimekuelewa, mzee wangu," alisema. "Hata mtoto angeelewa."

"Basi nipe karatasi ya kupanda. Sihitaji kitu kingine."

"Nikikupa, nitakuwa nimeamuru kazi kwenye jengo lenye zuio. Hilo ni kosa. Na ukianguka, mzee, nani atajibu?"

"Na likianguka jengo?"

Dickson alitazama nje. Dirishani kwake kulikuwa na mvua vilevile.

"Likianguka lenyewe," alisema, "hakuna aliyeliangusha."

Hakulisema kwa ubaya. Nadhani ndiyo maana liliniingia sana. Alitusindikiza mpaka mlangoni, akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili kama tunavyomshika mtu mzima, akasema atalifikisha. Kwenye basi la kurudi tulianza kushuka milima na joto la Kyela likatupanda miguuni. Ndipo baba akasema, "Tuli, nitapanda."

Nilimkataza. Nilimwambia magoti yako, macho yako, umri wako. Nilimwambia nina mzazi mmoja. Alinisikiliza kama Dickson alivyomsikiliza yeye, kwa adabu, mpaka nikaishiwa.

Alichagua Jumamosi ambayo mvua ilipumzika. Said alifungua lango dogo la nyuma bila kuulizwa swali. Alishika ngazi upande mmoja, mimi nikashika upande wa pili, na baba akapanda na nondo na panga vimefungwa mgongoni kwa kamba ya katani. Alipanda polepole sana. Kila hatua alitulia, akapumua, akaendelea. Alipofika juu alisimama, na nilimwona kutoka chini akiwa mdogo, kofia yake dhidi ya mawingu.

"Kuna nini huko?" Said aliuliza kwa sauti.

"Ziwa," baba alijibu. "Kuna hata vyura."

Alisema maji yalimfika mapajani. Kwenye kinywa cha bomba la kwanza ulikuwa umeota mkuyu, mti mzima wa kimo cha mtoto, mizizi yake imeingia ndani ya nguzo. Aliukata kwa panga kipande kwa kipande. Kisha akachoma kwa nondo. Tulisikia mlio ndani ya nguzo, mlio mzito kama wa mtu anayesafisha koo, halafu kimya, halafu yakaja. Maji meusi yaliruka kutoka kwenye tundu la chini yakapiga kuta za mtaro, majani, matope, manyoya, mifupa ya ndege, kisha maji ya kahawia, kisha maji meupe. Said alikuwa amelowa mpaka kifuani na alikuwa anacheka. Aliweka mkono wake kwenye nguzo. Nami nikaweka wangu. Ilikuwa inatetemeka.

Bomba la pili lilizibuka kabla ya adhuhuri. Nusu ya kaskazini ilikuwa inakauka. Baba alikaa kwenye kizingiti juu ya paa kupumzika kidogo, miguu ikining'inia, na hapo ndipo mimi nilipofanya nililolifanya. Nilitoa simu nikampiga picha. Ilikuwa picha nzuri. Baba yangu juu ya Mabawa, nondo mapajani, nyuma yake milima ya Livingstone imefunuka baada ya wiki nzima ya mawingu. Nikaituma kwenye kundi la kwaya na kuandika, "Fundi amerudi kazini." Sikuwa na nia nyingine. Nilijivuna tu.

Kwaya ina watu sitini. Kila mtu ana ndugu, na kila ndugu ana kundi lake. Saa nane kasoro, baba akiwa anaelekea upande wa kusini, simu ya Said iliita. Aliongea kwa kusimama wima. Alisema ndiyo, alisema naelewa, kisha akanipa ile simu maana alitakiwa ampe mtu yeyote wa familia ya mzee. Ilikuwa sauti ya Dickson.

"Dada, mteremshe mzee sasa hivi. Picha imefika kwa wakili. Akiendelea kukaa pale, watakaokuja kumteremsha watakuja na pingu."

"Zimebaki mbili tu," nilimwambia. "Mabomba mawili."

"Dada, naomba umteremshe."

Nilimwita baba. Hakushuka mara moja. Alisimama pale kwenye kizingiti akitazama kusini, kwenye maji yaliyobaki, kisha kaskazini, kwenye zege tupu linalong'aa. Alipofika chini hakuniuliza kitu. Alimwuliza Said.

"Wamekufanya nini?"

"Nimeambiwa nikabidhi funguo Jumatatu."

Said alikuwa amelinda jengo lile miaka kumi na saba. Jumatatu alikabidhi funguo kwa mtu aliyekuja na pikipiki, akakunja mkeka wake, akaondoka. Kabla ya Ijumaa Mabawa lilikuwa limezungushiwa uzio wa mabati, kufuli mpya, na kibao cha kukataza kuingia.

Usingizi ulimwisha baba tangu siku ile, na halikuwa suala la Said peke yake. Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuniambia mpaka mvua ziliporudi. Tulikuwa tunavunja kakao, kila mtu na rundo lake, akaacha kisu katikati ya tunda.

"Nimelibebesha jengo uzito upande mmoja," alisema.

"Uzito gani?"

"Miaka mitatu lilikuwa limebeba maji sawasawa, kaskazini na kusini. Vibaya, lakini sawasawa. Sasa kaskazini ni kwepesi na kusini kunajaa. Mfereji ule ni kitu kimoja, Tuli. Ni kama mtu umembebesha ndoo mkono mmoja."

"Wewe ulitaka kutoa zote."

"Ndiyo. Nilitaka."

Nilimwambia hapo hapo habari ya picha. Nilikuwa nimeibeba siku kumi na sita. Mikono yangu ilikuwa imejaa ute wa kakao na sikuweza kujifuta uso. Baba akasema alijua, alishaonyeshwa na Angetile wa kwayani tangu ile Jumapili. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Nilimpigia Nancy mimi mwenyewe. Alikuwa ameshasikia. Alisema mawakili wa mfilisi waliipeleka picha mahakamani kuonyesha kwamba jengo haliwezi kulindwa, na kwamba watu wa kamati nao wamechukia, wanasema ushahidi umeharibiwa. Nilimwuliza hakuna mtu hata mmoja, katika wote hao, anayeweza kutuma fundi akazibue mabomba mawili. Alivuta pumzi.

"Nimewaomba wote, dada Tulinagwe. Kila mmoja anakubali yazibuliwe. Kila mmoja anasema si yeye wa kuagiza."

Aprili mto ulipanda. Mpunga wa Ngonga ulizama, na watu wa mabondeni walihamia shuleni na makanisani na vitanda vyao. Baadhi walikwenda Mabawa kwa sababu sakafu yake iko juu, wakakuta mabati na kufuli, wakageuka. Nasema hili kwa sababu baadaye watu walilisema kama neema. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, nilikuwa nyumbani naanika nguo barazani kwa kukosa jua. Sikusikia kishindo kama cha radi wanavyosimulia wengine. Nilisikia kama gunia kubwa limeshushwa mahali. Baba alitoka chumbani akiwa na soksi tu.

"Ni kusini," alisema.

Tulikwenda kwenye mvua. Bawa la mashariki, upande wa kusini, lilikuwa limekatika na kulala juu ya ngazi zile tulizokuwa tumejaa siku ya zuio. Nondo zilitoka kwenye zege zikiwa zimepinda, zenye kutu, nyembamba kuliko nilivyodhania. Maji bado yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye mfereji, mengi, bila haraka. Sehemu nyingine zote zilisimama. Hakuna aliyeumia. Watu walianza kukusanyika wakinong'ona, wanaume wamevua kofia.

Waliokuwa wanataka libomolewe walikuja wakasema walishasema. Waliokuwa wanataka lihifadhiwe walikuja wakapiga picha mahali mkuyu ulipokatwa, wakauliza nani alikata. Baba aliitwa kuandika maelezo. Aliyaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, kurasa mbili, kila kitu kama kilivyokuwa: ngazi, nondo, mabomba mawili ya kaskazini, saa aliyoshuka. Ofisa aliyeyapokea alimwambia anaweza kuacha ile sehemu aliyoandika kwamba anahisi yeye ndiye sababu. Baba alikataa kuiacha.

Jioni ile alinipa simu nimpigie Nancy, kisha akaichukua.

"Mwanangu, nataka uniambie kama mtaalamu. Ni mimi?"

Nilikuwa karibu, nilisikia sauti ya upande wa pili.

"Baba, siwezi kujua bila kupima. Inawezekana lilikuwa linaanguka hata hivyo. Inawezekana ulilichelewesha. Ningepima nyufa, nikachukua vipande vya zege, ningekupa jibu."

"Basi njoo upime."

"Wamezuia kupima mpaka kesi iishe."

"Kesi inaisha lini?"

"Imeahirishwa mpaka Septemba."

"Ndaga," baba alisema, akanirudishia simu.

Septemba iliahirishwa tena. Nancy bado anapiga, ingawa si kila wiki. Chuo chake kimempangia kazi nyingine, na mara ya mwisho aliongea kwa aibu kama mtu anayehama nyumba bila kuaga majirani. Dickson naye alipiga mara moja kumjulia hali mzee. Nilimwambia hajambo.

Mwezi wa kumi tulikwenda mjini kumwona Said. Yuko kwa dada yake, Tausi, katika duka la vitenge na viungo, anapimia watu iliki na mdalasini. Alitutengea viti viwili katikati ya majora, akatuma chai. Tausi alitusalimia, akaenda upande wa pili wa duka na kutuachia nafasi. Baba alianza kuomba msamaha kwa maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima, nami niliyajua maana aliyasema kwa sauti tukitembea. Said alimwacha afike karibu na mwisho.

"Fundi, mlango niliufungua mimi," alisema. "Usinipunguzie."

Baba aliinamisha kichwa.

"Kitu kimoja tu," Said aliendelea. "Siku za mvua naamka nikijua kuna mahali natakiwa kuwa. Nakaa kitandani nakumbuka kwamba hapana. Basi."

Aliingia mteja akitaka pilipili manga, Said akainuka kumpimia. Tulimaliza chai.

Tuliporudi baba aliniomba tupite Mabawa. Hakuwa amependa kupita tangu Aprili. Magugu yameshafika kwenye ngazi, na X nyekundu kwenye nguzo ya kwanza imefifia ikawa rangi ya matofali. Kuna mlinzi mpya, Yakobo, mtu mzima kutoka upande wa Rungwe, ambaye hamjui mtu hapa. Baba alisogea mpaka kwenye uzio, mahali ambapo bati limeachana na bati lingine, akachungulia. Kutoka pale nguzo ya pili iko karibu, karibu unaweza kuifikia. Aliingiza mkono.

"Mzee, naomba usogee," Yakobo alisema kwa upole. "Hapo ni hatari."

Baba alitoa mkono wake, akasogea.